Mgeni Hakaripiwi

Tulipomzika shangazi yangu, Mama Wilondja, hapa Baraka, mjini kwetu kando ya ziwa, kijana mmoja wa kanisani alisimama mbele ya watu akasema kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mwenye maneno laini, ambaye hakuwahi kumkaripia mtu maishani mwake. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, nikiwa nimekaa mkekani katikati ya wanawake waliojifunga vitambaa kichwani, na mke wa binamu yangu Wilondja akanifinya paja ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwambia yule kijana kwamba shangazi yangu alikuwa akimkaripia hata kuku aliyetaga pasipofaa, na kama wao wamekuja kumlilia mwanamke mwingine watuambie sisi wenyewe msiba tuhame. Wazee walitazama chini. Neema, bintiye wa mwisho, ambaye siku hizi naye ni mama wa watu, aliinamisha kichwa mabega yakitikisika kwa kicheko, na baadaye aliniomba niyaandike haya, kwa sababu watoto wake hawayajui.

Najua kijana yule alisema vile kwa heshima. Miaka hii karipio limekuwa kitu cha kuonea haya. Tunaitwa kwenye semina za kutufundisha namna ya kusema na watoto, na waume, na majirani. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunapewa soda, tunaambiwa tuanze kwa kumsifu mtu ndipo tumkosoe, tena kwa sauti ya chini. Sizipingi semina zote. Nimewaona wanaume wanaokiita kipigo onyo. Nilikuwa na mwalimu katika kambi ya wakimbizi aliyeweza kumvunja mtoto kwa sentensi moja bila kupandisha sauti hata kidogo, na watu wakamsifu kwa upole wake. Nayajua pia masimango, yale ya kuhesabiwa matonge uliyokula katika nyumba ya mtu, na hayo sitayatetea mbele ya yeyote. Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia ulinionyesha kwamba kuna ukimya ulio mbaya kuliko maneno mengi makali, na sitaukana mwaka huo ili mazishi yapendeze.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane nilipovuka ziwa kurudi nyumbani. Habari za wazazi wangu sitazieleza hapa. Inatosha kwamba walibaki makaburini upande wa Tanzania, katika kambi nilikokulia, na kwamba baba aliniachia kitu kimoja tu cha kurudia. Kilikuwa shamba la michikichi alilolipanda kijijini kwao Lweba kabla ya vita kutukimbiza. Siku zake za mwisho alinieleza linapoanzia, kwenye kijito, na linapoishia, kwenye jiwe kubwa jeupe, akanirudisha maneno hayo mpaka nikayakariri kama sala. Miaka yote hiyo aliyekuwa akivuna ngazi, matunda ya miti hiyo, na kukamua mawese ni kaka yake mkubwa, baba mkubwa Etabo, ambaye hakukimbia. Shangazi alinipokea gatini, akanipeleka kwake, akaniambia nikae hapo mpaka wanaume wa ukoo watakapokutana waamue habari ya miti. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza ninachongojea. Bila ile miti sikuwa na kitu duniani isipokuwa begi na mablanketi mawili.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, paa la bati, sebule yenye viti vya mbao na pazia la maua lililotenga chumba chetu, mimi na Neema. Chini ya kitanda mlikaa vidumu vya mawese, na gunia la ndakala kavu lilisimama kwenye kona, kwa hiyo tulilala na kuamka ndani ya harufu ya samaki wadogo. Jiko lilikuwa nje, mafiga matatu chini ya kibanda cha nyasi, na kutoka hapo sauti ya shangazi ilianza kabla ya jogoo. Alimkaripia Neema kwa sababu ya ndoo. Alimkaripia Wilondja, aliyekuwa na pikipiki ya kubeba abiria, kwa sababu ya matope aliyoingiza ndani na marafiki aliowaleta pamoja nayo. Alimkaripia mumewe, mtu wa nyavu aliyerudi asubuhi na usingizi machoni, na mzee wa watu alikula bugali wake na sombe ya majani ya muhogo akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Nilipokuwa mgeni wa sauti ile niliogopa kwamba nyumba itavunjika. Baada ya majuma machache niligundua kwamba walikuwa wakinenepa kwa hayo.

Tena makaripio yake yalikuwa na kazi nyingi. Jirani mmoja, Mama Asukulu, aliazima sufuria kubwa akakaa nayo mwezi mzima. Shangazi hakwenda kuidai. Alingoja Mama Asukulu apite uani, akamwita Neema, akaanza: mtoto gani huyu, ukichukua kitu cha watu unarudisha, hata kama kimekuwa kizuri machoni pako, hata kama bwana wako amezoea kula ndani yake. Neema, ambaye hakuwa na bwana wala sufuria, alisimama mikono nyuma akisema ndiyo mama. Mama Asukulu alisimama pia. Hakuweza kupita wala kujitetea, kwa sababu kwetu mama akimkaripia mtoto wake hakatizwi. Kumkatiza ni kama kumwambia kwamba mtoto si wake. Sufuria ilirudi kesho yake, imesuguliwa mpaka chini.

Mimi hakunikaripia. Kwangu sauti ile ilishuka. Nilipomwaga maji alisema, acha mama, si kitu. Nilipochelewa sokoni alisema, pole, jua ni kali. Nilipoamka kufagia alininyang'anya ufagio akampa Neema. Wao walikula bugali wa jana uliobaki, mimi nikapikiwa mpya, na kipande cha kati cha samaki, mukeke, kiliwekwa upande wangu wa sahani bila neno. Kwa mtoto aliyekulia kambini hii ilikuwa pepo. Kule tulikulia kwenye mistari, tukiita shikamoo kwa kila aliyevaa fulana ya shirika la misaada na samahani kabla ya kila ombi, kwa sababu aliyejua kuomba vizuri hakusahauliwa. Kwa hiyo nilimsalimia shangazi shikamoo asubuhi na jioni, nikamwambia asante kwa kila kikombe, na watoto wa mtaa wakaniita Mtanzania. Nikadhani napendwa kuliko wote katika nyumba ile. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kuambiwa, kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Miezi ilipita na mimi sikupewa jembe.

Aliyenifungua macho ni baba mkubwa Etabo mwenyewe. Alikuja Baraka mchana mmoja wa mvua, mtu mrefu, mwenye koti safi na sauti ya kirafiki, akapewa kiti sebuleni na bakuli la ndakala zilizokaangwa kwa mawese. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja nguo. Walizungumza habari za samaki, habari za askari barabarani, habari za ndugu aliyekufa kule Bibokoboko milimani, kisha akafika kwenye lililomleta. Alisema hana ubaya na mtoto. Ila mtoto huyu ataolewa, na miti itaenda kwa bwana wake, labda bwana wa Tanzania.

"Tena ni mugeni," alisema. "Hata we mwenyewe unamuonaka mugeni, dada. Tangu afike sijasikia muntu anasema umemugombeza hata siku moja. Neema unamugombeza, Wilondja unamugombeza. Huyu unamupikia."

Nilingoja shangazi ajibu. Mwanamke yule aliyekuwa na jibu la kila kitu, kwa watu na kwa mbuzi, alikaa kimya mpaka nikasikia mvua ikipungua kwenye bati. Halafu akamuuliza kaka yake kama ataongeza ndakala. Nilikaa kitandani na nguo mikononi, na sitasema uongo, nilimchukia siku ile. Nilichukia kipande cha kati cha mukeke na bugali wa moto na neno pole. Nilielewa kwamba upole wote ule ulikuwa ushahidi dhidi yangu, na kwamba baba mkubwa angeubeba mpaka mbele ya wazee.

Basi nikaamua kwamba nitakaripiwa, apende asipende. Sisi watu wa muhogo tunajua kwamba mihogo inakaa ndani ya maji mpaka ilainike na uchungu utoke. Mtoto mdogo anajua hilo. Mimi niliitoa siku ya pili, migumu, nikaianika kwenye mawe mbele ya macho yake. Shangazi aliipapasa, akairudisha majini mmoja mmoja, akasema, si kitu, mama, uko unajifunza. Nikaunguza sombe, akatoa ya juu ambayo haikuungua akanipakulia mimi. Mwishowe nikafanya kubwa zaidi. Tulikuwa tumeanika ndakala ufukweni, turubai nzima, na wingu likaja kutoka upande wa milima nami nikakaa nalitazama. Mvua ilipoanza nilikuwa bado nimekaa. Shangazi alitoka mbio na kanga yake, akazoa alichoweza kuzoa, na alipomaliza alimgeukia Neema, aliyekuwa ametoka shuleni dakika ile ile, akamkaripia kwa kutotazama mbingu. Maneno yote yaliyokuwa yangu akapewa mtoto wa watu. Neema aliyapokea akiwa na daftari kichwani kujikinga na mvua, akanitupia jicho.

Tulipokaa chumbani kukausha nywele aliniuliza kama ninafanya makusudi. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia nataka mama yake anigombeze. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alinitazama kama mgonjwa, akasema angenipa ya kwake yote kama ingewezekana, ya asubuhi na ya jioni.  Alisema mama yake hagombezi watu wanaokwenda kuondoka, maana ni kupoteza pumzi. Neema alisema hivyo bila ubaya wowote, akaendelea kuchana nywele zake.

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi, na bado linanichoma. Hivi karibuni alikuja kwetu kusaidia kukamua mawese mama mmoja wa Burundi kutoka kambi ya Lusenda, jina lake Godeliva. Kila alipogusa sufuria alisema samahani. Nilijua sauti ile, ni ya mtu aliyezoea kuhesabiwa kwenye mstari. Siku tatu nilimwambia pole mama na asante mama, na siku ya nne alimimina mafuta kabla hayajatulia, matope yote yakaingia, nami nikamkaripia mpaka nikaishiwa. Alikasirika. Alitupa kata chini akanijibu kwa Kirundi, maneno mengi, na sikuyaelewa lakini nilielewa kwamba alikuwa ananijibu. Watu wa semina wangesema nimemkosea. Labda. Kesho yake alikuja asubuhi mapema kuliko mimi, akakuta nimechelewa kuwasha moto, na akaniuliza kama huku kwetu jua ndilo linalopika.

Wanaume wa ukoo walikutana Lweba, wakati wa kiangazi cha mwaka ule. Tulikwenda shangazi na mimi kwa pikipiki ya Wilondja, yeye katikati, mimi nyuma nikishika mabakuli ya chakula, naye njia nzima akimkaripia dereva habari ya mashimo. Lubunga yao ilikuwa kibanda cha nyasi chenye kuta za nusu, moto katikati, magogo ya kukalia kuuzunguka. Hapo wanaume hula pamoja, kila mmoja na chakula kilichotoka kwa mkewe, na hapo mambo ya ukoo yanakatwa. Mwanamke anaingia na sahani na anatoka na sahani. Haongei mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu kilichoulizwa. Shangazi alikuwa dada yao, aliyezaliwa pale, na hata hivyo aliposogeza maji ya kunawa alirudi kusimama mlangoni kama wengine. Niliona mdomo wake umefungwa, na nikakata tamaa.

Waliniita katikati. Baba mkubwa Etabo alisema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mkali, kwamba hakuna anayekataa mtoto. Akaniuliza nimekuja kuomba nini. Nami nilifanya kosa ambalo ni mtoto wa kambi tu angeweza kulifanya. Nilipiga magoti. Nikasema shikamooni wazee wangu. Nikasema sina la kudai, naomba tu, kama wazee mtaona inafaa, mnisaidie hata michikichi michache ya kunitosha chumvi na sabuni, na kama haifai, samahani kwa usumbufu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Kambini yangenipatia blanketi la tatu. Wazee walifurahi, wakaguna kwa kuridhika, mmoja akasema huyu ana adabu. Baba mkubwa alitabasamu akaanza kusema kwamba miwili mitatu ya upande wa kijito haitakosa.

"We Feza. Inuka."

Sauti ilitoka mlangoni. Sikuwahi kusikia jina langu likitamkwa na shangazi namna ile, na niliinuka kabla ya kufikiri.

"Nani amekuambia upige magoti? Unaomba? Unaomba kitu yako? Baba yako alipanda ile miti na mikono yake. Mi nilikuwa nabeba maji, niliona. Nilimuletea bugali ile miti ikiwa bado midogo sawa vitunguu. Na we unafika hapa unasema naomba. Muntu akikaa na kitu yako miaka yote, akila, asikutumie hata chupa moja ya mawese kule ulikuwa, siku unamuona unamuambia samahani kwa usumbufu?"

Mzee mmoja alikohoa. Baba mkubwa Etabo alifungua mdomo. Shangazi hakuwatazama kabisa; alikuwa ameingia ndani mpaka karibu na moto, bakuli la kunawa bado mkononi, macho yake juu yangu tu.

"Usiangalie baba yako mukubwa. Angalia mi. Ni mi nasema na we. Unakaa kwangu, unatoa mihogo ndani ya maji ikiwa migumu, unaacha ndakala zangu zinyeshewe, unazania sikuona? Niliona. Ulikuwa unatafuta nikugombeze. Haya, leo nakugombeza. Hauna haya. Baba yako alikufa mbali na ile miti, akakukaririsha mahali inaanzia na mahali inaishia, na we unakuja kuigawa kwa bantu benye bako banakula."

Wanaume walikuwa wameshika matonge na hawakuyapeleka mdomoni. Kila mtu mle ndani alijua maneno yale yalikuwa yanakwenda wapi, na hakuna aliyeweza kuyazuia, kwa sababu mbele yao alikuwepo mama anayemkaripia mtoto wake. Nikiwa nimesimama pale nilikuwa na aibu mpaka masikio yakawaka, na pia nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile, si harusini wala nilipozaa. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya sufi, alingoja mpaka shangazi akavuta pumzi. Akamuuliza taratibu kama amemaliza.

"Bado," alisema shangazi.

Akaendelea. Alizungumzia nywele zangu, namna ninavyofagia, shikamoo zangu, na wasichana wanaosubiri kupewa. Alipomaliza kwa wakati wake mwenyewe alichukua sahani tupu akatoka. Yule mwenye kofia akasema kwamba wao walikuwa wanakula, mambo ya mama na mtoto hawakuyasikia. Lakini habari ya miti, alisema, ni rahisi. Kama huyu ni mtoto wa nyumba, atachukua cha baba yake, na hahitaji kupewa na lubunga. Kama ni mgeni, atapewa zawadi ya njiani. Yeye na baba yake mkubwa wamalizane wenyewe kule kwenye miti, mbele ya watu, na watakavyoitana, mtoto au mgeni, ndivyo itakavyokuwa. Baba mkubwa Etabo alikubali upesi. Alikuwa na hakika na magoti yangu.

Tulilala kwa ndugu mmoja karibu na ufuko. Tukiwa njiani kwenda huko nilimshika shangazi mkono nikamwambia asante, kwa jinsi alivyowasema wale wanaume. Nilidhani tutacheka pamoja. Alisimama katikati ya njia.

"Asante ya nini? Mi sikuwa nasema na bale banaume. Nilikuwa nakugombeza we. Kila neno."

Nikamuuliza kwa nini basi alingoja muda wote ule.  Alisema kwamba niliposhuka kwenye meli na begi lile, nilifanana na baba yangu mpaka akashindwa kunitazama, na kila alipotaka kufungua mdomo aliona yatima. Alinionea huruma, alisema, na huruma hiyo imeniharibu, na kaka yake alipomwambia vile sebuleni hakupata jibu kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu akaniambia kwamba kesho hatafuatana nami. Amenigombeza mara moja mbele ya watu, inatosha, mdomo ninao. Na kwamba nikienda kule na samahani yangu nisirudi Baraka kumweleza.

Asubuhi nilikwenda peke yangu. Nilifuata kijito mpaka miti ilipoanza, mirefu, mizito, imekaa kwenye mistari iliyonyooka aliyoipima baba yangu, na nilipoona mistari ile nilikasirika kwelikweli kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Baba mkubwa alikuwa tayari pale na watu wake wa kazi. Vijana wawili walikuwa juu ya miti na mapanga, mikungu ya ngazi ikianguka, wanawake chini wakiokota. Watu wengine wa Lweba walikuwa wamejitokeza, kwa sababu maneno ya lubunga hayalali ndani. Baba mkubwa aliniona akatabasamu, akasimama wima kupokea salamu yangu. Sikumpa. Nilipita mbele yake mpaka chini ya mti wa kwanza.

"Baba mukubwa," nilisema, "baambie bashuke."

Kwanza alidhani hakusikia. Nikarudia. Hapo upole wake wote ulikwisha, na nilikuwa sijui kama nyuma yake palikuwa na kitu. Alinikaripia. Aliniuliza ni adabu gani hii, kupita mbele ya mkubwa bila salamu, kumwamrisha mbele ya wafanyakazi wake, na kichwa wazi, na jua halijapanda. Alisema Tanzania imenifundisha kuvaa viatu tu. Alisema sauti yangu ni ya Mama Wilondja na shingo yangu ngumu anajua ni ya nani. Wanawake waliacha kuokota. Nilisimama pale pale, sikuomba radhi, sikutazama chini, wala sikupiga magoti. Alikuwa amekwisha kupoteza breki. Alinyoosha kidole kwenye uso wangu akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Kama ndugu yangu angekuwa muzima angekupiga kofi hapa hapa! Mutoto wa ndugu yangu, damu yetu, unanisimamia kichwani sawa askari!"

 Kidole kilibaki hewani. Yule mzee mwenye kofia ya sufi alikuwa amesimama kwenye njia na fimbo yake, na watu wote waliokuwa pale walikuwa wamesikia walichosikia. Hata wale vijana wa juu walikuwa wameacha kukata, wakinitazama kutoka kwenye makuti.

"Ndiyo, baba mukubwa," nilimwambia. "Mutoto wa ndugu yako. Sasa bashuke."

Wakashuka.